"Niliingia Kuangalia Tu": Utetezi wa Mtu Anayeshtakiwa kwa Kuingia Kwenye Mfumo wa Kompyuta Bila Ruhusa

Ndugu mawakili, nanyi wasimamizi wa mifumo mliokaa kule nyuma, habari za mchana.

Nianze na sentensi inayofunga watu wengi: "Afande, niliingia kuangalia tu, sikuchukua kitu." Anayeisema anadhani anajitetea. Afande anaiandika neno kwa neno kwenye maelezo ya onyo, yaani maelezo ambayo mtuhumiwa anayatoa polisi baada ya kuonywa, mtuhumiwa anatia saini, na upande wa mashtaka umepunguziwa nusu ya kazi. Kosa lenyewe ni kuingia. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, Na. 14 ya 2015, kinamkataza mtu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria, basi. Hakidai aibe, afute wala aharibu. Kuingilia data, kunasa mawasiliano na upelelezi wa data vina vifungu vyake mbele. Na "kuingia" kumefafanuliwa kwa upana: kuuagiza mfumo, kuwasiliana nao, kuweka au kutoa data. Simu ya mkononi nayo ni mfumo wa kompyuta. Kwa hiyo anayefungua simu ya mwenza wake usiku asome ujumbe, naye ajue kifungu hiki hakikuandikwa kwa ajili ya wadukuzi wa benki peke yao.

Mambo matatu ndiyo ya kushindania: je, kulikuwa na ruhusa? Je, kulikuwa na kusudio? Je, ni huyu kweli aliyeingia? Wakili anayeruka moja kati ya hayo na kukimbilia "hakuna hasara iliyotokea" anazungumzia adhabu kabla ya hatia.

Kwanza kituoni. Mwambie mteja wako asifute kitu chochote. Kifungu cha 22 cha sheria hiyohiyo kinafanya kufuta au kuficha data kwa nia ya kukwamisha upelelezi kuwa kosa linalojitegemea, na ni kosa rahisi kulithibitisha kuliko lile la kwanza. Pili, anayo haki ya kunyamaza, aitumie mpaka ufike. Tatu, andika saa aliyotiwa chini ya ulinzi na saa mahojiano yalipoanza. Tanzania, mpelelezi ana saa 4 za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na kuziongeza kuna utaratibu wake. Maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya muda huo bila nyongeza halali yanapingika, na Mahakama ya Rufani imeyaondoa kwenye kumbukumbu mara nyingi. Kenya ukuta ni mrefu zaidi: ungamo lililotolewa polisi halipokelewi isipokuwa limechukuliwa na afisa asiye mpelelezi wa kesi hiyo, mwenye cheo cha Inspekta au zaidi, mbele ya mtu wa tatu ambaye mtuhumiwa amemchagua mwenyewe.

Sasa tuje kwenye hati ya mashtaka. Isome ukiwa na kifungu mkononi. Hapa ndipo Dar es Salaam na Nairobi zinapoachana, na mawakili wanaovuka mpaka wa Namanga na utetezi uleule huumia. Kifungu cha 14 cha sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao, Na. 5 ya 2018, kina jambo ambalo cha Tanzania hakina: mshtakiwa lazima awe ameufanya mfumo utende kazi kwa kuvunja hatua za kiusalama, akikusudia kuingia, huku akijua kwamba hana ruhusa. Mambo hayo yote yathibitishwe. Kama ukurasa ulikuwa wazi, hauna nenosiri, na mteja wako alibadilisha tarakimu moja kwenye anwani ya tovuti akaona ankara ya mtu mwingine, muulize shahidi wa mlalamikaji: ni kizuizi gani kilivunjwa? Akishindwa kukitaja, una msingi mzuri wa kuiambia mahakama kwamba mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Ukisimama na hoja hiyohiyo mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, hakimu atakuuliza umeitoa kifungu gani. Kule nguvu ielekezwe kwenye "kwa makusudi" na "kinyume cha sheria": ukurasa uliowekwa hadharani bila kizuizi wala onyo, mtu wa kawaida angejuaje kwamba umekatazwa?

Ruhusa ndiyo uwanja mpana. Kesi nyingi hazimhusu mgeni aliyetoka gizani, zinamhusu mfanyakazi. Mhasibu ana akaunti yake, nenosiri lake, amepewa na mwajiri, halafu anaangalia mishahara ya wakubwa. Je, ameingia bila ruhusa, au amekiuka kanuni za kazi tu?

Majaji wa Uingereza na Marekani wamelijibu swali hili kwa njia mbili, na zote mtazisikia mahakamani. Mwaka 1999 Baraza la Mabwana la Uingereza, lililokuwa mahakama yao ya juu wakati huo, liliamua suala la mfanyakazi wa American Express huko Florida. Alikuwa na ruhusa ya kufungua akaunti alizopangiwa, akafungua nyingine na kuzitoa taarifa zake kwa waghushi wa kadi. Mabwana wakasema ruhusa ya data moja si ruhusa ya data nyingine ya aina hiyohiyo. Mwaka 2021, tarehe 3 Juni, Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Van Buren ikaenda upande wa pili, majaji 6 kwa 3. Van Buren, polisi wa Georgia, aliahidiwa karibu dola 5,000 akatafuta namba ya gari kwenye hifadhidata ya polisi. Mahakama ikasema sehemu ile ya mfumo alikuwa anaruhusiwa kuifikia. Nia yake mbaya haigeuzi kuingia kuwe kosa chini ya sheria ile.

Utaipenda Van Buren, kila mtetezi anaipenda. Lakini jihadhari nayo. Imejengwa juu ya maneno ya sheria ya Marekani, na kwetu ni ya kushawishi tu, haizifungi mahakama zetu. Maelezo ya ruhusa katika kifungu cha 14 cha Kenya yanakaribia sana yale ya sheria ya Uingereza ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 1990, kwa hiyo uamuzi wa 1999 utakuwa mkononi mwa mwendesha mashtaka. Njia salama ni kuanzia kwenye ukweli wa kesi yako: leta mkataba wa ajira, sera ya matumizi ya kompyuta, fomu aliyosaini siku ya kupewa akaunti, na jedwali la haki za mtumiaji lililotolewa kwenye mfumo wenyewe. Mara nyingi sera haipo, au ilitungwa baada ya tukio. Na mara nyingi jedwali linaonyesha mhasibu huyo alipewa haki za kuona kila kitu kwa sababu msimamizi alichoka kuzigawa moja moja.

Aliyeachishwa kazi ni habari nyingine. Akaunti haikufungwa, nenosiri bado linafanya kazi, naye akaingia kuchukua faili zake. Kwamba mlango haukufungwa si ruhusa. Barua ya kuachishwa ndiyo inayomaliza ruhusa. Tanzania, kifungu cha 5 kinamkamata hata anayebaki ndani ya mfumo muda wake ukiisha. Kwa hiyo tafuta tarehe: barua ilimfikia lini, siyo iliandikwa lini. Tafuta pia ujumbe wa bosi wa WhatsApp wa wiki iliyofuata unaosema "nitumie ile ripoti". Ujumbe wa namna hiyo umebeba ruhusa.

Kwa mnaopima usalama wa mifumo, neno moja. Ruhusa ya mdomo ya meneja wa TEHAMA haitoshi. Iwe barua inayotaja anwani za IP (namba zinazotambulisha vifaa kwenye mtandao) na majina ya tovuti zinazopimwa, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi, njia zilizokatazwa, na saini ya mtu mwenye mamlaka juu ya mfumo huo. Kama seva ni ya kampuni nyingine inayoihifadhi, nayo iridhie. Sheria ya Kenya, kwenye kifungu cha 18 cha vifaa haramu, inawapa kinga wanaofanya mafunzo, majaribio au ulinzi ulioidhinishwa. Neno "ulioidhinishwa" ndilo litakaloulizwa, na karatasi ndiyo itakayojibu.

Tufike penye kazi hasa: ni nani aliyekuwa kwenye kibodi? Upande wa mashtaka utaleta mstari mmoja wa logi, yaani kumbukumbu ambayo mfumo unajiandikia wenyewe. Tuseme unasomeka hivi: akaunti "mhasibu2", anwani 203.0.113.45, tarehe 3 Machi, 21:40:12, kuingia kumefanikiwa. Unaonekana mgumu kama jiwe. Ugonge.

Saa hiyo ni ya wapi? Seva nyingi huandika kwa UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Saa 21:40 UTC, kwetu Afrika Mashariki, ni 00:40 ya tarehe 4, yaani saa 6:40 usiku wa kuamkia tarehe 4. Mpelelezi akiiandikia kampuni ya simu "tarehe 3 Machi, 21:40" bila kutaja ukanda wa saa, kampuni itatafuta saa 3:40 usiku wa tarehe 3, na italeta jina la mtu aliyekuwa na anwani ile muda wa saa tatu kabla ya tukio. Kosa hili haliko kwenye ripoti ya mtaalamu. Liko kwenye barua ya kuomba taarifa. Idai barua hiyo, usidai jibu peke yake. Tena mashahidi husema saa kwa Kiswahili, mtaalamu anaandika saa za kimataifa, karani anachanganya zote mbili. Chora safu tatu pembeni mwa daftari lako, ya UTC, ya saa zetu kwa tarakimu za kimataifa na ya saa za Kiswahili, na ujaze kila tukio.

Anwani ile ni ya nani? Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi kwa wakati mmoja nyuma ya anwani moja ya IP. Bila namba ya poti ya mtumiaji (namba inayotenganisha muunganisho wake na wa wengine) pamoja na muda kamili hadi sekunde, anwani peke yake inataja kundi la watu. Muulize shahidi wa kampuni: wateja wangapi walikuwa nyuma ya anwani hiyo dakika ile, na umemtenganishaje huyu na wengine?

Halafu akaunti. Nenosiri la "mhasibu2" wanalijua wangapi? Limebandikwa kwenye skrini? Nani alikaimu alipokwenda likizo? Na msimamizi mwenye uwezo wa kubadilisha nenosiri la yeyote na kuhariri logi ni nani? Si ajabu ukakuta ndiye mlalamikaji, ndiye aliyetoa logi, na ndiye shahidi wa kwanza. Logi aliyoihamishia kwenye Excel, akafuta mistari "isiyohusika", akachapa, si logi tena. Ni maelezo yake yeye.

Kwenye vifaa vilivyokamatwa, utaratibu ni kutoa nakala kamili ya diski kwa kifaa kinachozuia kuandika juu yake, kisha kukokotoa alama ya hashi, inayotokana na maudhui yote ya nakala hiyo, kwa kawaida SHA-256 yenye herufi na tarakimu 64. Omba hashi ya awali na ile ya maabara. Herufi moja ikitofautiana, nakala si ileile. Afande aliyeiwasha simu kituoni ili apige picha za skrini amebadilisha nyakati za mafaili, hata kama nia yake ilikuwa njema. Fuatilia pia hati ya ukamataji mali, saini ya mwenye mali na ya shahidi, na nani alikikabidhi kifaa kwa nani, siku gani, kikiwa kimefungwa vipi.

Kupokelewa kwa ushahidi kuna milango yake. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti cha mtu mwenye dhamana ya kuendesha kifaa kilichotoa kumbukumbu ile. Kikikosekana, pinga papo hapo. Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Na. 13 ya 2015, kinaielekeza mahakama ipime jinsi data ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa, uadilifu wake ulivyolindwa na mtumaji alivyotambuliwa. Pingamizi litolewe kabla kielelezo hakijapokelewa. Kikishapokelewa, kinapaswa kusomwa mahakamani, na visivyosomwa vimeondolewa kwenye rufaa. Andika kwenye daftari kama logi ya kurasa 400 ilisomwa au iliwekwa mezani tu.

Usikivu wa awali nao una mtego wake kwa Tanzania. Mwendesha mashtaka atasoma maelezo ya kesi, na kila mnachokubali hakihitaji ushahidi tena. "Kwamba mshtakiwa alikuwa mtumiaji wa akaunti mhasibu2" ni sentensi inayoonekana haina madhara. Kubali kwamba alikuwa mfanyakazi. Mengine yaachie mashahidi wao.

Hatia ikipatikana, tofauti ya nchi inarudi kwa ukali. Kifungu cha 4 cha Tanzania kinaweka sakafu: faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida aliyoipata, kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Kifungu cha 14 cha Kenya kinaweka dari: faini isiyozidi shilingi milioni 5 za Kenya, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Nairobi, maombi ya kupunguziwa yanaweza kuishusha adhabu sana. Dar es Salaam, mzigo uko kwenye "faida aliyoipata": kama hakupata kitu, hakikisha hilo limeingia kwenye kumbukumbu kupitia shahidi, kwa sababu ndilo linalozuia sakafu ya faini isipande juu ya milioni 3. Hapa ndipo "sikuchukua kitu" inapopata kazi yake. Makubaliano ya kukiri kosa yapo pande zote mbili, Tanzania tangu 2019. Yazungumzie mapema, kabla mashahidi hawajaanza, na yataje kwa maandishi hatima ya kompyuta na simu zilizokamatwa.

Karibuni kwa maswali.