Nilipomwambia mama naenda lodge

Mbukwenyi! Habari zenu Nkuhungu, Chang'ombe, Kizota, na nyie wa Mpwapwa mnaoangalia kwa bando la kuombaomba. Leo niko jikoni kwangu, Ontario, huku Kanada. Nywele msizitazame, sikilizeni kisa.

Juzi nimempigia mama. "Mama, Ijumaa sitapatikana, bosi anatupeleka lodge." Kimya. Nikadhani mtandao umekata, kumbe mama anavuta pumzi. "Mwanangu, huyo bosi ana mke?"

Jamani! Na simlaumu. Mama ni wa Majengo, pale Dodoma, lodge anayoijua ina daftari la wageni linalokuuliza kabila, utokako na uendako, kandambili za rangi mbili chini ya kitanda, na kisabuni cha kuogea mara moja. Bunge la bajeti likianza Aprili, humo wanajaa watu na heshima zao. Lakini wewe binti wa mtaani uonekane unatoka pale saa nne asubuhi, ukifika nyumbani habari imeshakutangulia.

Huku sasa, lodge ni jumba la magogo msituni, kando ya ziwa. Tulikuwa kumi na wanne, mkutano kutwa, jioni tunaota moto. Basi.

Neno lenyewe halitulii. Mwaka wangu wa kwanza bomba lilivuja wiki mbili, mwenye nyumba hapokei simu. Jirani akaniambia ni-lodge malalamiko. Nikajiuliza, yatalala chumba namba ngapi? Kumbe ni kuyawasilisha tu. Mwiba wa samaki ukikukwama kooni, nao ume-lodge. Uwele ukiangushwa na upepo, Waingereza wanasema ume-lodge, na hapo ndipo tunapoelewana, maana hata sisi shambani tunasema umelala. Freemason nao tawi lao wanaita lodge. Ile kuu ya London ni ya mwaka 1717. Hiyo msinianzishie kwenye komenti.

Asili yake ni Kifaransa cha zamani, loge, kibanda cha matawi. Na anayekijenga mpaka leo ni biva, mnyama kama panya mkubwa wa majini, yule wa kwenye sarafu ya senti tano ya Kanada; nyumba yake nayo wanaiita lodge. Nilikiona kule ziwani, kichuguu cha fito na tope katikati ya maji. Mlango uko chini ya maji, adui asiuone. Ukishaingia unapanda mahali pakavu, na juu ameacha upenyo wa hewa. Nimekulia kwenye tembe la bibi Chamwino, fito na udongo mpaka juu ya paa, nikasimama pale nacheka peke yangu kama chizi.

Jumapili nikamweleza mama yote hayo, mpaka huo upenyo. Alisikiliza vizuri sana.

"Kwa hiyo huyo mnyama kajenga tembe."

"Tembe kabisa, mama."

"Sawa. Na bosi alilala wapi?"