Karatasi Inayobandikwa Mlangoni

Wazee wetu, mama zetu, vijana, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nieleze uchaguzi wa Kongo unavyokwenda, na mengi mnayajua. Rais anachaguliwa kwa miaka 5, na anaweza kurudi mara moja tu. Tangu katiba ilipobadilishwa Januari 2011 hakuna tena duru ya pili: anayeongoza ameshinda, hata asipofika nusu. Wabunge tunawachagua sisi. Maseneta na magavana wanachaguliwa na wabunge wa mikoa. Hayo nayapita haraka, kwa sababu leo nataka tuzungumze hasa juu ya karatasi moja.

Tangu 2018 tunapiga kura kwa mashine. Unagusa picha ya mgombea wako, mashine inachapa chaguo lako, karatasi unaitia sandukuni. Lakini kuhesabu ni kwa mkono, mbele ya mashahidi wa vyama na waangalizi. Hesabu ikiisha wanaandika PV, yaani karatasi rasmi ya matokeo ya kituo, mashahidi wanatia sahihi, na matokeo yanabandikwa nje ya kituo. Mara nyingi giza limeshaingia na umeme hakuna, kwa hiyo watu wanaisoma karatasi hiyo kwa tochi za simu, mmoja anataja namba, wengine wanaandika. Kwangu mimi, hakuna hatua ya uchaguzi wetu iliyo safi kuliko hiyo.

Shida inaanza karatasi ikishaondoka pale. Inakwenda kituo cha kujumlisha, CENI, yaani tume ya uchaguzi, inatangaza matokeo ya muda kutoka Kinshasa, kisha Mahakama ya Katiba inathibitisha. Mwaka 2018 Kanisa Katoliki lilitawanya waangalizi wapatao 40,000. Mapema Januari 2019 maaskofu wakasema wanamjua mshindi, bila kumtaja jina. CENI ikamtangaza Félix Tshisekedi mshindi wa urais kwa asilimia 38.57, mpinzani wake Martin Fayulu akiwa na karibu 35. Maaskofu wakasema hesabu hiyo hailingani na waliyoikusanya wao. Fayulu akaomba kura zihesabiwe upya, Mahakama ikakataa. Matokeo ya kituo kwa kituo hayakuchapishwa. Hilo linaniuma hadi leo, maana namba zile zilikuwa zimeshasomwa na wananchi mitaani kwao! Kuzijumlisha hadharani kungemaliza ubishi, yeyote awaye mshindi.

Na wako ambao hawakupata hata mlango wa kubandikia. Watu wa Beni na Butembo kule mashariki, na wa Yumbi magharibi, waliambiwa wasubiri hadi Machi 2019, sababu ikitajwa Ebola na usalama. Rais alikuwa ameshaapishwa Januari 24. Siku ya kura, Desemba 30, watu wa Beni walijipangia uchaguzi wao wenyewe, wakasimama foleni kama wenzao wa nchi nzima, wakijua kura zao hazitahesabiwa popote. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Masisi na Rutshuru kule mashariki, kwa vita, na Kwamouth kule magharibi.

Vijana mmeniuliza mfanye nini uchaguzi ujao. Baada ya kupiga kura, rudini jioni kituo kikifungwa. Pigeni picha ya karatasi, namba ya kituo ionekane wazi, sahihi zote zionekane. Na shahidi wa chama chenu asitoke mle ndani kabla hajapewa nakala yake, hata kama ni saa tisa za usiku na hajala tangu asubuhi. Mpelekeeni chakula.