Kuhamisha VM bila kuizima: hapo kwa prosesa usipapite

Assalam aleykum watazamaji wangu na karibuni tena. Leo tunakaa na kitu kimoja tu, ile sehemu ya prosesa ukiwa unatengeneza VM mpya (kompyuta ya kubuni inayofanya kazi ndani ya seva), ile wengi wanaibofya tu wakapita. Usiipite, nakuomba, kwa sababu hapo ndo panapoamua kama siku ya shida VM yako itahama kutoka seva moja kwenda nyengine ikiwa inafanya kazi, ama itakufia katikati ya njia.

Sisi wa Mombasa hili linatuhusu sana. Angalia ofisi zetu, ziwe za kutoa mizigo bandarini ama hoteli za kule Nyali, seva hununuliwa moja moja kadiri pesa inavyopatikana, na nyingi ni za mtumba, kwa hivo kwenye kabati moja unakuta prosesa za miaka tofauti kabisa zimekaa pamoja. Halafu kuna joto letu la mwezi wa tatu na hii hewa ya chumvi, feni zinachoka, vumbi linashika, lazima kila baada ya muda utoe seva moja uisafishe. Na huwezi kuwaambia watu wa mizigo wasubiri, meli ikishatia nanga wao wanafanya kazi hata usiku wa manane. Kwa hivo unahamisha VM zikiwa hai, unasafisha seva, unarudisha. Hiyo ndo raha ya klasta, yaani seva kadhaa zilizounganishwa pamoja, lakini prosesa ziwe zinaelewana.

Sasa tatizo liko wapi. Mfumo ndani ya VM ukiwaka unaiuliza prosesa una uwezo gani, unajua AES (maagizo ya kufunga data kwa siri), unajua AVX, unajua AVX2 (maagizo ya hesabu nyingi kwa mpigo mmoja), halafu majibu yale unayashika na programu zote zinafanya kazi kwa kuyategemea mpaka siku utakapozimwa. Ni kama mpishi wa harusi aliyeangalia vyombo asubuhi akapanga pilau yake, halafu saa sita mchana unamhamishia jiko la nyumba nyengine, ananyoosha mkono kuchukua sufuria kubwa na haipo. Programu ikiita maagizo ambayo prosesa mpya haina, inakufa hapo hapo na utaona maneno Illegal instruction, ama mfumo mzima unaganda. Habari njema ni kwamba swali lile la prosesa linapitia kwa hapavaiza kwanza, ile programu ya seva inayoendesha VM, kwa hivo hapavaiza inaweza kuficha uwezo fulani, VM ikaona ule tu ambao seva zote wanao. Kuficha inaweza. Kuongeza kitu ambacho chuma chenyewe hakina, KVM, yaani hapavaiza ya Linux, haiwezi.

Mimi hapa natumia Proxmox, mfumo wa kuendesha VM unaotumia hiyo KVM, kwa sababu ndo naiona kwa wengi hapa mjini, mifumo mingine kama Hyper-V na VMware ntaigusa mbele kidogo.

Hatua ya kwanza, jua ulichonacho. Ingia kwenye kila seva, kila seva nimesema, si moja, andika lscpu uangalie mstari wa Model name. Hapa kwangu seva moja inasema E5-2680 v2, hiyo ni Ivy Bridge ya 2013, na hii ya pili ni E5 v4, Broadwell ya 2016. Kama uko Proxmox 8 kuna njia rahisi zaidi, andika hivi:

/lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help

Teremka mpaka chini, utaona x86-64-v2, v3, v4, hayo ni madaraja ya uwezo wa prosesa, na pembeni imeandikwa supported kwa zile ambazo prosesa inaziweza. Ile Broadwell inafika v3. Ivy Bridge inaishia v2, kwa sababu AVX2 ilikuja na Haswell mwaka 2013 na Ivy Bridge ni ya kizazi cha kabla yake. Ukishapata majibu ya seva zote, chukua ile ya chini kabisa. Hiyo ndo kipimo cha klasta yako, hata kama una seva moja mpya yenye nguvu za kutisha, kipimo ni ile nzee.

Hatua ya pili kuchagua, na hapa naomba tutulie kidogo. Ukifungua ile orodha ya Type hapo kwenye prosesa utaona majina chungu nzima. Iko kvm64, hiyo ni ya kizamani, inaiga prosesa za enzi za Pentium 4, inahama popote lakini haina AES, kwa hivo VPN na disk zilizofungwa kwa siri zitakwenda kwa kujikokota, na AlmaLinux 9, aina moja ya Linux, haitawaka kabisa kwa sababu inataka v2 kwenda juu. Iko host, hii inaipa VM kila kitu prosesa ilicho nacho, ndo ya kasi kuliko zote, na ndo inayowaponza watu, maana ukiwa na seva moja ni sawa kabisa, lakini ukiwa na mbili za aina tofauti usiiguse kwa VM unayotaka kuihamisha ikiwa hai. Halafu iko x86-64-v2-AES, hii ndo Proxmox 8 inakuwekea yenyewe ukitengeneza VM mpya kwa kurasa za wavuti, inafanya kazi kuanzia Intel Westmere, na kwa klasta kama hii yangu ndo ninayoichagua bila kufikiria mara mbili. Kama seva zako zote ni Haswell kwenda juu, chukua x86-64-v3, usijinyime.

Lakini sikiliza hapa. Ile database ya MongoDB kuanzia toleo la 5.0 inataka AVX. Ivy Bridge wanayo AVX, Broadwell wanayo, lakini x86-64-v2-AES haiionyeshi, kwa hivo database inagoma kuwaka na watu wanaanza kulaumu MongoDB bure. Kwa VM hiyo moja chagua jina la kizazi chenyewe, IvyBridge, AVX itaonekana na bado itahama vizuri baina ya hizi seva mbili. Na ukichagua majina ya Haswell ama Broadwell, chukua yale yenye noTSX mwishoni, kwa sababu Intel waliizima TSX (uwezo mmoja wa kuharakisha programu) kwenye prosesa nyingi kwa masasisho baada ya kugundua ina kasoro, na ukichagua jina linaloidai VM itakataa kuwaka itakwambia seva haina uwezo ulioombwa.

Na Intel kwenda AMD? VM ikiwa hai, usijaribu kwa kazi ya watu. Izime, ihamishe, iwashe upande wa pili, dakika chache zile zitakuokolea usiku mzima.

Hatua ya tatu ni fupi. Bofya VM, nenda Hardware, bofya Processors mara mbili, badilisha Type, OK. Ama kwa komandi, VM yangu ni nambari 101:

qm set 101 --cpu x86-64-v2-AES

Ushaona imeandikwa kwa rangi ya machungwa? Maana yake badiliko linasubiri. Hapa wengi wanaingia ndani ya Windows wanabonyeza restart wanadhani wamemaliza, kumbe ile prosesi ya QEMU, programu inayoiendesha VM kwenye seva, haijafa, prosesa ni ile ile ya zamani. Izime kabisa, Shutdown, subiri izimike, halafu Start. Ikishawaka ingia ndani uandike lscpu, kama ni VM ya Linux, uhakikishe aes ipo na avx2 haipo.

Hatua ya nne ijaribu leo, seva zote zikiwa nzima, usingoje siku feni imekufa. Fungua dirisha jengine uanze kuiping ile VM, yaani kuiulizia kila mara kama inajibu, halafu:

qm migrate 101 seva2 --online

Hiyo seva2 ni jina la seva yangu, weka la kwako. Ping itaruka kidogo tu hapo mwisho. Halafu irudishe ilikotoka, na hii watu wanaisahau sana, kwenda kutoka nzee hadi mpya mara nyingi kunapita hata ukichagua vibaya, balaa liko kwenye kurudi. Iache kila upande ifanye kazi yake ya kawaida kwa muda, fungua database, chapa risiti, usiishie kwenye ping peke yake.

Kuna jambo la usalama pia. Tangu Meltdown na Spectre, zile kasoro za usalama za prosesa, zitangazwe mwezi wa kwanza 2018, VM inahitaji kuonyeshwa flagi fulani (alama za uwezo wa prosesa) ndo ijikinge, na ukitoka kwenye host baadhi yake hazionekani tena. Kwa Intel, pale pale kwenye Processors washa Advanced, uweke pcid, spec-ctrl na ssbd kwenye alama ya kujumlisha. Seva zote lazima ziwe na microcode mpya (masasisho ya ndani ya prosesa) kwanza, la sivyo VM haitawaka kwenye ile isiyo nayo. Ukitumia majina yanayoishia IBRS, kama IvyBridge-IBRS, spec-ctrl inakuja ndani yake.

Walio na Hyper-V, zima VM, ingia Settings, panua Processor, Compatibility, utie tiki, ama PowerShell:

Set-VMProcessor -VMName Jina -CompatibilityForMigrationEnabled $true

VMware wanaiita EVC, inawekwa kwenye klasta nzima, na kuanzia vSphere 6.7 hata kwa VM moja moja. Hyper-V na VMware zote mbili hazichanganyi Intel na AMD.

Ya mwisho, kujua nani amebaki nyuma kwenye klasta yote andika hii kwenye seva yoyote:

grep -H "^cpu:" /etc/pve/nodes/*/qemu-server/*.conf

Kila unapoona host, panga na mwenye VM saa ya kuizima. Na faili ambalo halikutokea kabisa kwenye majibu ujue VM hiyo haina mstari wa cpu, kwa hivo iko kwenye kvm64, nayo inangoja zamu yake. Andika kwenye komenti prosesa za seva zako zote, zote si moja, nami ntakwambia ningechagua ipi.