Floridi Yenye Metali Mbili: Mhadhara Uliotolewa Mtwara

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Asanteni kwa kuacha upepo wa Shangani mkaja kukaa na joto la ukumbi huu.

Nikitaja floridi, yaani florini iliyoungana na elementi nyingine, wengi mnakumbuka dawa ya meno, au yale meno ya kahawia ya ndugu zetu wa Arusha, ambako maji yamezidiwa nayo. Leo nazungumzia floridi iliyobeba metali mbili au zaidi kwa mpigo.

Tuanze na kriolaiti, yenye sodiamu na alumini. Alumina, ule unga mweupe unaotoa alumini ya sufuria zenu, peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 2,072 hivi. Tanuri gani litastahimili? Mama wa kashata za korosho anajua: sukari kavu inataka moto hasa, lakini kwenye chai inapotea yenyewe. Kriolaiti iliyoyeyuka ndiyo chai. Alumina hupotelea humo kwenye nyuzi 960 tu, umeme ukipita, alumini inatuama chini. Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa waligundua hilo mwaka 1886, kila mtu kivyake. Wote walizaliwa 1863, wote wakafa 1914. Bibi yangu angesema ni mapacha waliopotezana. Ila umeme wake! Kilo moja hula uniti 13 na ushei. Anayeota kiwanda hicho kwa gesi ya Mnazi Bay apige kwanza hesabu hiyo.

Na bonge safi la kriolaiti ukilitia majini, karibu hulioni, kama konyeza baharini, kwa sababu linapinda mwanga karibu sawa na maji.

Inayonivutia zaidi ni floridi ya sodiamu na metali iitwayo itriamu, iliyotiwa kidogo metali nyingine mbili, iterbiamu na erbiamu. Imulike kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, nayo inawaka kijani. Vipi? Fikirieni gunia la korosho. Mpakizi wa kwanza analiinua hadi magotini, anangoja mwenzake wamalizie kulipandisha kwenye lori. Sakafu ikitikisika sana, gunia linaanguka kabla mwenzake hajafika. Sakafu hapa ni atomi za floridi hii, nazo zina mtikisiko mdogo, kwa hiyo nishati ya mwanga wa kwanza inadumu hadi wa pili uifikie. Wino wenye floridi hiyo hufaa kuweka alama ya siri kwenye nyaraka, mghushi asiione.

Mnaosoma kemia, nawaomba: msimwagie floridi yoyote asidi kali kwa udadisi. Gesi inayotoka inakula hata kioo, sembuse mapafu. Haya, nani ana swali?