Damu ya Mgonjwa wa Pumu Inatuambia Nini?

Ndugu zangu, wagonjwa wawili wanaweza kukaa benchi moja la kliniki, wote kifua kimebana na kinapiga filimbi, kumbe wana pumu mbili tofauti. Mmoja njia zake za hewa zimejaa eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu. Dawa ya kuvuta yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, itamfaa sana. Mwenzake ana neutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe, na dawa hiyohiyo itamsaidia kidogo tu. Tukiwatibu sawasawa, huyu wa pili tunamwonea.

Seli zetu zina jeni zilezile. Kinachotofautiana ni zipi zimewashwa. Jeni ikiwashwa hutoa nakala za RNA, nazo zinapimika. Mwaka 2014 Katherine Baines, Peter Gibson na wenzao wa Newcastle, Australia, walionyesha kuwa jeni sita kwenye makohozi zinatosha kutambua aina ya uvimbe wa njia za hewa: CLC, CPA3 na DNASE1L3 upande wa eosinofili, IL1B, ALPL na CXCR2 upande wa neutrofili. Mwaka 2019 jeni hizo zikaonekana kutabiri nani atabanwa tena siku za mbele.

Ila makohozi yana kazi. Mgonjwa avute mvuke wa maji ya chumvi, akohoe, kisha maabara iyachambue upesi. Mtoto mdogo hawezi. Ndiyo maana tunaitazama damu.

Hapa naomba tutulie, maana damu ina mitego. RNA huharibika haraka, hivyo mrija uwe na kemikali ya kuihifadhi tangu mwanzo. Eosinofili zikiongezeka, jeni zake zitasomeka kwa wingi hata kama hakuna seli iliyobadili tabia; hesabu ya seli ifanywe siku ileile. Vidonge vya prednisolone, ambavyo ni steroidi ya kumeza, navyo huzima jeni nyingi na kuwasha nyingine, ikiwamo jeni iitwayo FKBP5. Mgonjwa aliyepewa vidonge jana kwenye duka la dawa, asituambie, atatupotosha kabisa.

Na sisi tuna minyoo na kichocho, ambavyo hupandisha eosinofili. Kiwango cha eosinofili 150 au 300 kwa maikrolita ya damu, kinachotumika kuchagua wa kuchomwa mepolizumab, sindano ya pumu inayopunguza eosinofili, tusikibebe kilivyo hadi kwa mvuvi wa Ziwa Victoria. Apimwe kwanza choo na mkojo.

Watoto wa Melbourne walioanza kufuatiliwa mwaka 1964 wakiwa na miaka 7 wametufunza kwamba pumu kali ya utotoni mara nyingi humfuata mtu hadi miaka 50. Watoto wetu nao wafuatiliwe hivyo, damu yao ikihifadhiwa kabla hawajaanza steroidi.