Lamu: kina kipo, mzigo uko wapi?

BAKARI: Karibuni tena. Mimi niko Dar, Rehema yuko Mombasa kama kawaida. Leo tulipanga mafunzo matatu ya ushindani wa bandari: Lamu, Tanga na Djibouti. Lakini kuna kontena limemsumbua dada yangu wiki nzima.

REHEMA: Mzigo wa Mombasa, mteja wa Mombasa, ila mfumo wa kampuni ya meli unaonyesha liko Lamu. Mteja akadhani limepotea. Meli kubwa imelishusha kule, linangoja meli ndogo ya kulileta huku.

BAKARI: Waeleze hapo, maana watu wengi watakutana nalo.

REHEMA: Ukipata hati ya shehena, usiishie kwenye jina la meli ya kwanza. Tafuta bandari ya kuhamishia na meli ya pili. Kontena la moja kwa moja hushushwa mara moja. Hili hunyanyuliwa mara tatu: kutoka meli kubwa, kupanda meli ndogo, kisha kushuka Mombasa. Meli kubwa ikichelewa, ndogo haiingoji, na kontena linalala uwanjani mpaka safari ijayo. Halafu wakala mwenye haraka anaandika tamko la forodha kwa jina la meli ya kwanza, manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, inakuja na jina la ya pili, mzigo unakwama. Subiri jina la meli itakayoingia Mombasa.

BAKARI: Na kwa nini wateremshie Lamu?

REHEMA: Kina cha gati zake. Mita 17.5.

BAKARI: Ya kwanza hiyo! Wasikilizaji, anzeni kuhesabu mara anazoitaja.

REHEMA: Hesabuni tu. Meli iliyopakiwa hadi tumbo lake likafika mita 14.5 chini ya maji inataka kama moja ya kumi ya ziada chini ya tumbo lake, yaani karibu mita 16. Gati zenu za Dar namba 1 hadi 7 zimechimbwa kufikia 14.5. Meli hiyo lazima ipunguze mzigo.

BAKARI: Au iingie maji yakijaa.

REHEMA: Maji yatakuingiza, kaka, lakini ukishafunga kamba gatini yanakupwa. Siku za bamvua tofauti ni zaidi ya mita tatu. Mita 17.5 hazingoji maji.

BAKARI: Ya pili. Sasa nisikilize. Machi 2012, Kibaki wa Kenya, Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini walizindua mradi huu wa bandari ya Lamu na reli yake pamoja. Gati 32 kwenye mpango. Wachina wamejenga tatu, ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021. Reli ya kwenda Ethiopia na Sudan Kusini iko wapi? Haijajengwa. Sudan Kusini iliingia vitani Desemba 2013. Uganda mwaka 2016 ikaamua mafuta yake yapite Tanga. Ethiopia bado inategemea Djibouti kwa karibu mizigo yake yote. Kina hakivuti mzigo wa bara.

REHEMA: Ndiyo maana nasema tuanze na mzigo wa bahari. Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, nyingi zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na Lamu ikapata makontena ya kuhamisha. Salalah kule Oman inaishi kwa kazi hiyo.

BAKARI: Salalah iko kando ya njia kuu ya Asia na Ulaya, meli haipindi sana. Na mzigo wa kuhamisha hauna mwenyewe pale. Mwaka 2000 kampuni ya meli ya Maersk ilihama Singapore ikaenda Tanjung Pelepas, Malaysia. Singapore ile, yenye kila kitu!

REHEMA: Umenipa hoja yangu. Tanjung Pelepas ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Bandari mpya yenye kina na bei nzuri ilimnyang'anya mkongwe mteja wake.

BAKARI: Ikiwa na barabara nyuma yake. Lamu, makandarasi wa barabara ya kwenda Garissa wameshambuliwa. Januari 2020 al-Shabaab waliingia hadi kambi ya Wamarekani palepale Manda. Mwenye lori atauliza bima kabla ya kuuliza kina.

REHEMA: Kontena linalohama meli hadi meli halipandi lori. Usalama wa barabara haulihusu.

BAKARI: Basi wenyeji wa Lamu wanapata nini? Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa bahari waliyoharibiwa. Bandari isiyogusa nchi kavu haiwalipi.

REHEMA: Inaajiri wa winchi, wa kamba, na marubani wa meli. Reli itajengwa pakiwa na meli.

BAKARI: Meli zitabaki pakiwa na reli. Sikubali.

REHEMA: Nami sikubali.

BAKARI: Fundi anatuonyesha dakika moja. Tanga hatujaigusa.

REHEMA: Wala Djibouti, na nilitaka kusema namna walivyoiondoa DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, kwenye kituo cha makontena cha Doraleh mwaka 2018.

BAKARI: Iwe wiki ijayo. Mwenye swali la hati ya shehena atume, ila afiche namba ya kontena.

REHEMA: Na ya lakiri pia. Mita 17.5, Bakari.

BAKARI: Ya tatu!