Wape la Kuandika: Usaili wa Kazi Nilivyouona Kutoka Upande wa Pili wa Meza

Ndugu watazamaji, nawasalimu nyote popote mlipo. Tangu nilipowaahidi kwamba ningezungumzia usaili wa kazi, maswali mengi mliyonitumia yamekuwa ya namna moja: nivae nini, niketi vipi, nitabasamu kiasi gani, nikiulizwa udhaifu wangu niseme nini. Ni maswali ya haki, na mengine nitayajibu kabla hatujaagana. Hata hivyo, naomba mniruhusu nianze na karatasi, kwa sababu siku niliyoiona karatasi hiyo kwa mara ya kwanza ndiyo siku niliyoelewa kwa nini nilipofika huku ughaibuni nilikuwa naanguka usaili mmoja baada ya mwingine, ilhali kila mara nilitoka chumbani nikiamini kwamba mambo yamekwenda vizuri.

Nilikuwa nimekwisha kupata kazi na kuizoea nilipoombwa kuwa mjumbe wa jopo la kuajiri. Asubuhi ile kila mjumbe alipewa karatasi kwa kila msailiwa. Upande wa kushoto ziliorodheshwa sifa zile zile zilizokuwa kwenye tangazo la kazi: kutatua matatizo, kushirikiana na wenzako, kupanga kazi, kuwasiliana. Upande wa kulia kulikuwa na tarakimu kuanzia 1 hadi 5. Katikati palikuwa na nafasi pana, tupu kabisa, na juu yake neno moja tu: Ushahidi. Mwenyekiti wa jopo alitueleza kwamba hakuna ruhusa ya kuzungushia alama yoyote kabla ya kujaza nafasi ya katikati, na kwamba kinachojazwa pale ni jambo alilolisema msailiwa mwenyewe, si hisia zetu juu yake.

Wa kwanza kuingia alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti ya kujiamini na salamu ya uchangamfu. Tulimwomba atupe mfano wa wakati alipolazimika kufanya kazi chini ya shinikizo. Alizungumza kwa dakika zipatazo nne. Alisema kwamba yeye ni mchapakazi, kwamba hapendi kushindwa, kwamba changamoto humpa nguvu, na kwamba siku zote hupanga muda wake vizuri. Niliinua kalamu na kuishusha, nikaiinua tena na kuishusha. Alipomaliza, katika nafasi yangu ya katikati palikuwa na maneno haya tu: anasema hupanga muda vizuri. Nilimpenda yule kijana, na wenzangu walimpenda, lakini hakuna aliyekuwa na kitu cha kuandika.

Aliyemfuata alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini, ambaye mikono yake ilitetemeka kidogo alipokuwa akiuweka mkoba wake sakafuni. Swali lilikuwa lile lile. Alitueleza kwamba alipokuwa mtunza stoo, siku mbili kabla ya ukaguzi, aligundua kuwa leja inaonyesha masanduku 12 zaidi ya yale yaliyokuwa kwenye rafu. Alimjulisha msimamizi wake siku hiyo hiyo badala ya kungoja hadi apate jibu, kisha akarudi kwenye hati za kupokelea mzigo za mwezi mzima na kuzipitia moja baada ya nyingine, mpaka akakuta hati moja imeingizwa mara mbili. Alisahihisha leja, na tangu siku hiyo akaanza kupiga mhuri kila hati inapoingizwa, ili kosa lile lisijirudie. Maelezo yake hayakufika dakika tatu, nami nilikuwa nimejaza nafasi ya katikati mpaka pembezoni mwa karatasi.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Uamuzi wa kukuajiri hufanywa ukiwa umeshatoka chumbani, pengine ukiwa tayari uko njiani kurudi nyumbani, na wanaoufanya huwa wameketi na karatasi mbele yao. Tabasamu lako halimo kwenye karatasi ile. Kilichomo ni yale uliyoyasema kwa namna iliyomwezesha mtu mwingine kuyaandika kwa haraka na kuyatetea mbele ya wenzake. Kwa hiyo, unapojiandaa, usijiulize tu kama watakupenda. Jiulize wataandika nini.

Sisemi kwamba mwonekano hauna uzito. Mwaka 2006 watafiti Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwaonyesha watu picha za nyuso kwa muda wa moja ya kumi ya sekunde tu, na hukumu walizotoa, kwa mfano kuhusu nani anaaminika, zilikaribiana sana na zile za watu walioruhusiwa kuangalia kwa muda waliotaka. Muda wa ziada uliwaongezea watazamaji uhakika wa hukumu zao kuliko ulivyozibadilisha. Zamani zaidi, mwaka 1946, mwanasaikolojia Solomon Asch alisoma sifa sita zile zile za mtu wa kufikirika kwa makundi mawili ya watu: kundi moja lilisomewa kuanzia sifa nzuri, kama uwerevu na bidii, hadi mbaya, kama ukaidi na wivu, na kundi la pili likasomewa kinyume chake. Kundi la kwanza lilimwona mtu huyo kuwa bora zaidi, ingawa hakuna neno hata moja lililoongezwa wala kupunguzwa. Naye mwanasaikolojia mwingine, Edward Thorndike, alikuwa ameonyesha mwaka 1920, kutokana na tathmini walizofanyiwa wanajeshi na maofisa wao, kwamba anayeonekana mzuri katika jambo moja hupewa alama nzuri hata katika mambo yasiyohusiana nalo.

Waajiri makini wanaufahamu udhaifu huu wa binadamu, na karatasi niliyowaeleza ni dawa yake. Wasailiwa wote huulizwa maswali yale yale, kwa utaratibu ule ule, na majibu hupimwa kwa vigezo vilivyowekwa mapema. Watafiti Frank Schmidt na John Hunter, katika mapitio yao ya tafiti nyingi ya mwaka 1998, waliupa usaili wa namna hiyo uwezo wa 0.51 wa kubashiri utendaji wa mtu kazini, ambapo 0 ni sawa na kubahatisha na 1 ni kubashiri bila kosa, huku usaili wa mazungumzo ya kiholela ukipata 0.38. Mapitio mapya yaliyochapishwa mwaka 2022 yalizishusha takwimu hizo hadi 0.42 na 0.19, lakini tazameni kwamba pengo kati yake lilipanuka. Nawatajia haya kwa sababu yana faida kubwa kwa mtu mwenye haya, mtu asiye na sauti nzito, au mtu anayesailiwa kwa lugha aliyoijifunza ukubwani. Mfumo huu ulitengenezwa ili mtu kama wewe usikilizwe, mradi uwe na la kusema.

Na la kusema huandaliwa nyumbani. Chukua tangazo la kazi, pigia mstari kila sifa inayotajwa, na kwa kila sifa tafuta tukio moja lililokutokea kweli. Lieleze kwa hatua nne ambazo wataalamu wa ajira wamezifundisha kwa miaka mingi: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulichukua hatua gani, na matokeo yakawa nini. Wengi wetu hukosea mizani hapa. Tunatumia dakika mbili kueleza hali, tukitaja nani alikuwa nani na ofisi ilikuwaje, kisha tunazipitia hatua zetu wenyewe kwa sentensi moja. Geuzeni. Hali na jukumu zitoshe kwa sentensi mbili au tatu, na sehemu kubwa ya jibu iwe juu ya ulichofanya wewe, hatua kwa hatua, kama yule mama alivyozipitia hati zake.

Nasema ulichofanya wewe, na neno hilo linanigusa kwa namna ya pekee, kwa sababu nililelewa kwa msemo unaosema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni msemo mzuri, na sitaki mtu yeyote auache. Lakini ulinifanya niingie kwenye usaili na kila kitenzi changu kianze na tu: tulifanya, tulipanga, tulifanikiwa. Nilidhani naonyesha unyenyekevu. Nilipoketi upande wa pili wa meza, niliona kwamba jopo haliwezi kumpa alama mtu anayeitwa sisi. Tulimuuliza msailiwa mmoja mara tatu, "Na wewe hasa ulifanya nini?" na mara tatu alirudi kwenye timu yake. Huenda yeye ndiye aliyebeba kazi yote, hatutajua kamwe. Kusema "nilifanya" pale ambapo kweli ulifanya ni kusema ukweli, na ukweli hauna majivuno. Semeni hivi: timu yetu ilikuwa na watu watano, wenzangu walishughulikia hili na lile, mimi nilishughulikia hili. Umewaheshimu wenzako, na umempa msaili la kuandika.

Kwa upande mwingine, nawasihi msitunge. Jopo lenye uzoefu huuliza swali la pili na la tatu: ulimwambia nani kwanza, alijibu nini, ungefanya nini tofauti leo? Tukio la kweli hustahimili maswali hayo kwa sababu unalikumbuka; la kutunga hukatika kwenye swali la pili, na likishakatika, hata majibu yako ya kweli hutiliwa shaka. Aliyemaliza masomo juzi na hajawahi kuajiriwa asiogope: kazi ya kikundi chuoni, kujitolea, kumsaidia mzazi biashara, yote hayo ni matukio, ikiwa utayaeleza kwa hatua.

Niwaeleze sasa kosa langu ambalo bado linaniuma. Katika usaili mmoja niliulizwa swali refu, kwa lugha ambayo bado nilikuwa najifunza, nami sikulielewa. Niliona aibu kusema hivyo. Niliitikia kwa kichwa, nikazungumza kwa muda mrefu juu ya jambo nililokisia kwamba ndilo nililoulizwa. Wasaili walikuwa wastaarabu, hawakunikatiza, lakini niliona mmoja wao akiiweka kalamu yake mezani taratibu, na hakuishika tena mpaka nilipomaliza. Leo, nikiwa mjumbe wa jopo, sijawahi kumpunguzia mtu alama kwa kusema, "Samahani, naomba urudie swali," au, "Je, nimekuelewa vizuri kwamba unauliza kuhusu hili?" Vivyo hivyo kwa kunyamaza. Sekunde kumi za kufikiri zinamwogopesha anayejibu; sisi wenye kalamu huzitumia kumalizia kuandika jibu lililopita, na mara nyingi tunazishukuru. Usilolijua, sema hulijui, kisha eleza ungeanzia wapi kulitafuta.

Kuhusu mavazi, sina mengi: yawe safi, yakutoshe vizuri, na yafanane na ya watu wanaofanya kazi ile siku wanapokutana na wageni wao. Ufike mapema kiasi cha kupumua, na mpokea wageni msalimie kwa heshima ile ile unayompa mwenyekiti wa jopo. Kwa usaili wa mtandaoni, ambao nyinyi mnaoomba kazi za mbali mtakutana nao sana, mwanga utoke mbele yako na si nyuma, kamera iwe usawa wa macho, na unapozungumza utazame lenzi badala ya sura iliyo kwenye skrini, kwa maana ukiitazama sura, mwenzako anakuona umeinamisha macho. Jaribu sauti siku moja kabla.

Wanapokwambia, "Tueleze kuhusu wewe," usianze na mwaka uliozaliwa wala usiusome wasifu wako kwa sauti. Wanao mbele yao. Eleza unachofanya sasa, kilichokufikisha hapo, na kwa nini nafasi hii ndiyo inayofuata, kisha nyamaza kabla ya dakika mbili kwisha. Wakikuuliza udhaifu, taja wa kweli ambao umeanza kuushughulikia, na uonyeshe unavyoushughulikia. Majibu kama "udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi" tumeyasikia mno, na hayaandikiki.

Limebaki swali la mwisho, wanapokuuliza kama una swali lolote. Naumia ninaposikia mtu akijibu kwamba hana, maana hapo ndipo jopo linapokukabidhi usukani. Yule mama wa stoo alituuliza hivi: "Mtu mtakayemchukua, mngependa awe amekamilisha jambo gani katika miezi 3 ya kwanza?" Mwenyekiti alimjibu kwa kirefu kwamba mzigo unaingia bila ratiba, kwamba madereva hufika wote kwa wakati mmoja, na kwamba wahudumu hawajui waanze na nani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hilo nimewahi kulifanya," akaanza kueleza, hatua kwa hatua, jinsi alivyowagawia madereva saa za kuingia na alivyoubandika ubao wa zamu langoni. Nafasi yangu ya katikati ilikuwa imejaa zamani. Niliigeuza karatasi, nikaendelea kuandika nyuma yake.